Mtani wa Msiba wa Keko

Inspekta Mzungu alishachoka kumtafuta aliyemnyonga binti wa Keko. Margareta hakuchoka. Alikuwa mtani wa ukoo wa binti huyo, na mtani msibani husema lolote bila kukasirikiwa.

Siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo chake, wageni wakila, akapita akiwahukumu kwa uzito wa jaji aliyesahau wigi nyumbani.

“Babu, wewe ndiye uliyemuua!”

“Ndiyo, ni mie! Nifunge, jela kuna wali!”

Watu wakavunjika mbavu. Akamfikia fundi aliyechonga jeneza.

“Na wewe, fundi, ulimuua!”

Tonge likasimama karibu na mdomo. Mchuzi ukamtiririka hadi kiwikoni.

“Mie siku ile nilikuwa Kisarawe.”

Kicheko kikakatika. Margareta, angali anatabasamu, akaenda kuketi katikati ya mlango, fundi asipate pa kutokea.