Tazama Pembeni

Kibwana alikuwa kashajipa jibu: mkewe kamchoka. Siku hizi akiongea naye, Mwanahawa anatazama ukuta. Eti, "Nikikutazama usoni unapotea, baba Rehani." Maneno gani hayo? Usiku huo alipanga kumwambia arudi kwao.

Ila umeme ukakatika mji mzima, na yule binti mtaalamu wa nyota, Sikudhani, akaiweka darubini yake uwanjani awaonyeshe watu galaksi, kundi kubwa la nyota za mbali. Watu wakapanga foleni, Kibwana na mkewe wamo.

Zamu ya Kibwana ilipofika alivua kofia, akakodoa jicho. Giza tupu.

"Binti, hiyo galaksi iko wapi? Unatuchezea?"

Sikudhani akacheka. "Usiikodolee, mzee. Mwanga wake hafifu, ukiutazama moja kwa moja unapotea. Tazama pembeni kidogo, ndo itakuja. Hata sisi wenye kazi yetu tunafanya hivyo hivyo."

Akasogeza jicho. Lahaula! Ikaja polepole, ukungu wa nyota zisizo idadi, mikono yake imejizungusha kama nywele za utosini mwa mtoto. Akaitazama usoni, ikapotea. Akatazama pembeni, ikarudi.

"Toka bwana, umeinunua?" wa nyuma wakapiga kelele.

Akatoka, akaenda kusimama mbele ya mkewe. Mwanahawa alikuwa anatazama giza, kando kabisa ya sikio la mumewe, huku anatabasamu.

"Kofia yako, baba Rehani. Umeisahau kwenye darubini."

Kibwana hakwenda kuichukua. Alisimama palepale bila kutikisika, asije akapotea machoni pa mkewe.