Shati la Mikono Mitatu

Shati lilikuwa na mikono mitatu.

Mke wa mwanawe aliliinua kidogo, akalitazama, akalilaza mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Vyerehani vyao viwili vilitazamana, na shati likabaki katikati.

"Mama, tupumzike kidogo," alisema. "Tunywe chai."

Mama mkwe alimkazia macho. Alikuwa akimchunguza. Midomo ya binti ilicheza, maneno yakaja baadaye, kama yanatokea ndani ya debe. Imeanza, alijisemea moyoni. Ee Mola, tena?

Dalili alizijua kama anavyojua kutunga uzi. Marehemu mumewe alimsomesha kwa miaka mingi: sukari ikishuka mwilini ubongo hukosa chakula, na mtu mpole anageuka mbogo. Anatota jasho. Anaboronga kazi aliyoifanya maisha yake yote. Na ubaya wake, mwenyewe haoni. Marehemu alikuwa akiapa yeye mzima, wagonjwa ni hao wanaomshikia kikombe.

Alipozikwa, mjane alidhani ugonjwa umezikwa naye. Mwaka jana daktari akautaja tena katika nyumba ile ile, na dawa zikarudi kwenye kabati lile lile. Akaomba nguvu, akapewa. Lakini leo zilikuwa zimekwisha hata za kuinua shingo.

Chai ya asubuhi ilikuwa ingali kwenye kona ya meza, imefunikwa kisahani. Mteja wa sare za shule alikuja mapema na haraka zake, kazi ikaanza, chai ikasahaulika. Dawa ya kushusha sukari haikusahaulika.

"Chai haijanywewa," alisema kwa ukali.

"Ndiyo, mama. Nimeiongezea sukari. Kunywa."

"Kunywa wewe!"

"Mama yangu..."

"Nini mama yangu, mama yangu! Shati la watu limeharibika, mikono inatetemeka, halafu unaniamrisha nyumbani kwangu?"

Binti akatabasamu, tabasamu la mtu asiye na hamu ya ugomvi. Mjane akamshika mkono. Mikono yao ikatetemeka pamoja, ikateleza kwa jasho. Mwanawe alikuwa safarini, hakuna mwingine ndani. Mtu akianguka hapa sakafuni, atamwambia nini mwanawe huyo akirudi?

"Basi, mama," binti alisema. "Onja wewe kwanza, na mimi nitakunywa."

Loh! Ujanja huo ulikuwa wake mwenyewe. Marehemu akigoma, yeye mkewe alikuwa akipiga funda moja mbele yake, amwonyeshe kwamba hamna sumu, naye anakubali. Alimsimulia binti siku moja wakipinda sketi, wakacheka mpaka machozi. Sasa anageuziwa mwenyewe. Wajanja sana hawa wagonjwa.

Lakini mgonjwa habishiwi. Akapiga funda.

"Lingine, mama. Hilo sijaliona."

"Utabakiwa na nini wewe?"

"Na makombo. Nimeyazoea."

Akapiga lingine, na lingine, chai tamu hadi meno yanauma, mpaka akaona chini ya kikombe. Akakitua kwa kishindo.

"Haya. Zamu yako."

Binti akaizunguka meza. Alikaa kando yake, amemwekea mkono begani, kwa muda mrefu. Kelele za barabarani zikarudi polepole, kisha mlio wa feni. Midomo na maneno vikaanza kwenda pamoja tena. Mkono ule begani ulikuwa mkavu, umetulia tuli.

Mjane akalitazama shati. Uzi wake ulikuwa haujakatwa. Ulitoka kwenye ule mkono wa tatu, ukakatiza meza, ukaishia kwenye sindano ya cherehani iliyokuwa mbele yake yeye.