Vidole vya Kwale

Pimbi wa jabalini walijua hivi: akija mbwa mwitu mmoja, waendelee kula, wakija wengi, wakimbilie mapangoni. Mlinzi wao alikuwa Kima, aliyekaa mtini akiwahesabu kwa vidole kumi vya mikono. Siku alipovunjika mguu, akamtuma Kwale mwenye mbio.

Kima alikunja vidole tisa. "Mbwa mwitu wako wengi hivi. Wahi, dada!"

Kwale naye akakunja vyake vya miguuni, kimoja kimoja, akimfuatisha. Alikuwa navyo vinane tu. Vilipokwisha akavikunjua vyote, akaanza upya, akakunja kimoja, akatimua mbio.

"Mmoja," akawaambia pimbi.

"Mbona nyasi zinatikisika kila upande?" aliuliza Mama Pimbi, amemkumbatia mwanawe.

"Hesabu ya Kima haijakosea hata siku moja," wenzake wakamkemea. Basi akamwachia mtoto akale.

Kutoka mtini Kima alisikia vilio. Kwale aliporudi, akamuuliza, "Umewaambia nini?"

"Nimehesabu wote, kaka. Sikumruka hata mmoja."

Jabalini kulikuwa kumeshatulia kimya.