Kiti Chini ya Kreni

Zamani, kabla kreni haijanyanyua mzigo mzito, mainjinia wengi walilipwa kupanga. Siku hizi anapanga mmoja, na ndugu yake anakaa chini ya mzigo mpaka ufike juu. Hapo mpangaji hakosei.

Mimi nakaa kwenye kiti chini ya mizigo anayoipanga mjukuu wangu Zawena. Naenda na ungo wangu, nachambua mchele, na vyuma vinapita juu ya kilemba changu.

"Bibi, umekunywa uji?" ananiuliza kwenye redio.

"Nimekunywa. Wewe piga hesabu zako, mke mwenzangu."

"Nimezirudia mpaka macho yanawasha."

"Rudia tena, mama. Mchele bado mwingi."

Juzi nilimlalamikia msimamizi kwamba magoti yananiuma. Kijana ana adabu, alinipa pole. Jana akatuletea nyumbani kiti kingine, kidogo, cha rangi ya waridi. Kitukuu wangu Riziki, mtoto wa Zawena, akakikalia hapo hapo, akacheka, akakataa kushuka. Zawena hakula.

Leo nimewahi kazini. Nimemwambia msimamizi magoti yamepona kabisa, nikasimama wima mbele yake bila kushika ukuta.