Tone la Iodi

Nilikuwa nimeapa kumuumbua Munyakazi, muuza maziwa, mbele ya majirani wote. Kila asubuhi ananiletea maziwa kutoka milima ya Masisi, na mtoto wangu wa miezi minane anazidi kukonda kwa maziwa hayohayo.

Jumamosi hii nikamngoja mlangoni na iodi ya darasani. Wanafunzi wangu wanajua: ikikutana na wanga, hugeuka buluu iliyokoza.

"Kama unatia unga ili yaonekane mazito, tutaona," nikamwambia.

"Mama prof, sikutia kitu ndani." Akanimiminia kikombeni bila kusita.

Tone likadondoka. Maziwa yakawa manjano hafifu, yakabaki hivyo. Munyakazi akafunga kidumu chake, akaenda bila kuaga.

Mezani ilikuwapo chupa ya mtoto, imeshatayarishwa kwa maziwa ya jana. Sijui kwa nini, nikaifungua, nikatia tone.

Buluu ikashuka taratibu hadi chini, ikawa nyeusi kama mawe ya volkano ya barabara yetu.

Mama mkwe, anayemlisha mtoto nikiwa kazini, akatoka jikoni akijipangusa unga wa muhogo mikononi.

"Leta chupa," akasema. "Mutoto iko na njala."