Shamba Jeusi la Ngedere

Wanyama walipogawana bonde, Ngedere alirukia shamba la udongo mweusi, akamwachia Fuko shamba la kichanga.

"Mweusi ndio wenye rutuba, mzee," alijigamba. "Wewe huoni, utajuaje?"

Fuko alichota udongo wa kila shamba, akautia maji na kuufinyanga kiganjani. Mweusi ulishikana kama tonge la ugali, kichanga kikamomonyoka.

"Langu litanifaa, mwanangu," akasema. "Nitapanda karanga."

Ngedere akachungulia, naye akapanda karanga. Maji ya mvua yakatuama shambani kwake, kisha jua likaugeuza udongo tofali. Kila shina alilong'oa lilimkatikia mkononi, karanga zikabaki chini. Kwa Fuko, mashina yalitoka na vichala vyake vyote.

"Tubadilishane mashamba!" Ngedere alilia.

Fuko alikubali papo hapo. Msimu uliofuata alipanda mpunga kwenye udongo mweusi, maji yakatuama, ukastawi. Ngedere alichungulia tena, akapanda mpunga kichangani, ukakauka wote.

"Mzee, turudishiane?"

"Hata kila mwaka," Fuko alimjibu, huku akifinyanga tonge jingine la udongo. "Mradi uendelee kuchungulia shamba langu badala ya kushika udongo wa lako."