Pazia Linaungua

"Pazia inaungua," alisoma fundi cherehani, akiwa amesimama mbele ya darasa.

"Linaungua," mwalimu akamkatiza. "Pazia ni li-ya. Endelea."

Fundi akafuata mstari kwa kidole. "Mume hakuinua hata macho kwenye kitabu chake. 'Linaungua,' akamwambia mkewe. 'Pazia ni li-ya.'"

Darasa zima likaangua kicheko. Muuza viatu alicheka mpaka akalalia meza. Kinyozi akajifuta machozi kwa ncha ya shati. Mwalimu, ambaye alizoea kumwita kila mwanafunzi kwa kazi yake, alisubiri watulie. Yeye hata tabasamu hakuwa nalo.

Fundi alikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Kozi ya kuandika hadithi ilikuwa inaisha jioni ile, na hadithi moja tu ndiyo ingekwenda kusomwa redioni. Mwenye kuchagua ni mwalimu. Na fundi, kwa kiherehere chake, alikuwa ameshamwambia kila mteja aliyeleta suruali ya kupunguza kwamba Jumamosi asikose kufungua redio.

Akaendelea kusoma. Ikafika mahali mke anauzima moto kwa beseni la nguo zilizolowekwa, huku mume akilalamika kwamba moshi unamzuia kusoma. Kicheko kikaanza upya.

Mwalimu akanyoosha kiganja kama anasimamisha gari.

"Fundi, hapo umetia chumvi mpaka chakula hakiliki. Mandhari safi. Mazungumzo yanakwenda vizuri. Shida yako ni huyo mume. Niliwafundisha nini kuhusu mhusika?"

"Awe mtu wa kuaminika," kinyozi akajibu.

"Sasa huyu nani atamwamini? Nyumba inawaka, mtu kakaa anasahihisha ngeli?"

"Lakini yupo, mwalimu," fundi akasema taratibu.

"Hata kama yupo. Ukweli si kisingizio cha kuandika vibaya. Mpunguze kidogo. Angalau anyanyuke kwenye kiti."

"Nikimnyanyua, hadithi imekufa."

"Basi redioni haiendi."

Fundi akaanza kuikunja karatasi, pindo kwa pindo, kama kitambaa ambacho mteja amekikataa. Muuza viatu akamwinamia sikioni.

"Dada, sema kweli, huyo si mumeo? Akikusikia je?"

"Kusikia atasikia," fundi akanong'ona. "Kusikiliza ndiyo sijui."

Kinyozi akasimama.

"Mwalimu, samahani. Mimi nanyoa wanaume mwaka mzima. Wa hivyo wapo, tena wengine wananisahihisha wembe ukiwa shingoni."

"Wapo," akadakia muuza viatu. "Mmoja alikuja kwangu na kiatu kimoja, akanifundisha wingi wake."

Basi meza zikaanza kupigwa. Fundi, fundi, fundi. Mwalimu akatazama dari, akatazama mlango, akaona hana pa kutokea.

"Haya, imepita. Ila mmenishinda kwa kelele, si kwa hoja. Na mjue kwamba mimi, tangu nizaliwe, kiumbe wa namna hiyo sijakutana naye."

Fundi alikumbatiwa mpaka kitambaa cha kichwa kikamvuka. Wenzake wakatoka mmoja mmoja, wakiambizana "pazia ni li-ya" mpaka nje. Mwalimu akafuta ubao, akazima taa, akampokea fundi mkoba. Walipofika kwenye ngazi akashusha pumzi.

"Mke wangu, kule ndani nilikuwa namfichia aibu kaka yangu. Umemchora vilevile alivyo. Akijitambua redioni, utamjibu wewe."